Barabara ya Kasapa

Barabara ni moja, ina malango mawili:
hapa wanaingia wenye kalamu,
kule wanaingia wenye pingu.
Mwaka wa kwanza mjomba Kaseba aliniuliza
nimeandikishwa lango gani.
Mimi nikacheka. Yeye hakucheka.

Kriminolojia, nikamwambia.
Akalitafuna neno kama bukari mbichi.
«Ni kufundishwa kuiba, au kufundishwa kukamata?»
Sikuwa na jibu. Nilikuwa na risiti ya karo,
na pembeni mwa chumba, alama nne za miguu
ya cherehani ambayo mama hakuwa nayo tena.

Tulisomea madirishani, viti havikutosha.
Mwalimu, koo limekauka kwa vumbi la Septemba,
alisema mara moja tu, hakurudia:
*Kabla ya kuuliza nani ameiba,
uliza nani aliandika kuwa huu ni wizi.*
Nikaandika. Nikamkumbuka baba,
gunia lake la mawe ya kijani:
shimoni aliitwa mchimbaji,
hatua arobaini mbele, penye seng'enge ya kampuni,
aliitwa mwizi.
Gunia lilikuwa lilelile.
Mgongo ulikuwa uleule.

Mwaka wa tatu walitutuma buloko,
kila mmoja na hojaji yake, maswali ishirini na mawili.
Wa kumi na moja kukaa mbele yangu
alikuwa Mukalay, fundi baiskeli wa mtaani kwetu, Katuba.
Mita kumi na mbili za waya wa shaba.
«Siku tatu mlilala gizani,» akasema.
«Mama yako alinilaani, nilimsikia.
Asubuhi nikamzibia tairi, akanishukuru.»
Hilo halikuwa na kisanduku cha kutia alama.

Swali la kumi na nne:
*Ungepewa nafasi ya pili, ungefanya nini?*
Akanitazama kwa upole, kama mteja asiyejua bei.
«Ya kwanza ilikuwa ipi?»

Kisha akauliza yeye:
«Na wewe wamekupa mingapi?»
Mitano, nikasema.
«Mimi miwili. Nitatangulia kutoka.»
Tukacheka hadi mlinzi akagonga mlango kwa funguo.

Sasa nimetoka. Diploma iko ndani ya plastiki, juu ya kabati,
panya wasiifikie.
Kapend yuko mahakamani, anaandika ripoti
ambazo hakimu huzisoma baada ya hukumu.
Mwadi yuko na watoto waliookotwa sokoni usiku;
anajua majina yao yote, na hapati usingizi.
Ngosa amepata kampuni ya mgodi,
redio kiunoni, gari la vioo vyeusi,
usiku anahesabu vivuli kwenye seng'enge.

Nami wameniita hukohuko.
*Mchambuzi wa hatari*, ndivyo barua inavyosema.
Tarakimu ya mshahara nimeisoma mara tatu.
Mama hakusema neno.
Alifagia tu pale pembeni, penye alama nne,
akafagia tena.
Hatari. Nimelitazama neno hilo
mpaka likaota mgongo na gunia.

Barua ya pili inatoka buloko:
msaidizi wa huduma za jamii,
mshahara unaokuja kama mvua ya Agosti.
Nimeziweka zote mbili chini ya sahani moja.

Jana jioni Mukalay alibisha hodi,
spana mfukoni, shati limepigwa pasi.
Hakutaka chai.
«Ile karatasi yako bado unayo?
Swali la kumi na nne. Nimepata jibu.»

Karatasi ilikwenda kwa mwalimu zamani,
pengine imefungia karanga.
Hata hivyo nikavuta kiti, nikatafuta kalamu,
nikaipata, nikaijaribu kiganjani,
na umeme ukakatika Katuba nzima.

Tukakaa kimya.
«Safari hii,» akasema gizani, «si mimi.»