Karatasi ya Mgomba

Asubuhi ya Mungoma haina haraka.
Ukungu umekaa juu ya mawe makubwa
kama mgeni aliyekwisha kunywa chai na bado haagi.
Natoka na jembe. Nimevaa fulana ya kiwandani,
maandishi yake yamefutika,
imebaki K, na nusu ya A.

Miaka ishirini na sita nililisha mashine magogo
kule Webuye. Harufu yake ikahamia kwangu,
mke wangu akaizoea kabla yangu.
Siku ya kufungwa geti tulipewa barua,
na karatasi yenyewe tuliitengeneza sisi.
Niliipima kwa kidole gumba, kwa mazoea:
gramu themanini, nyororo, haina dosari.
Ndipo nikaisoma.

Sasa nina robo ekari na fuko mmoja.
Fuko ananijua. Viazi vya njano anakula,
vyeupe anang'ata kidogo na kuniachia,
kama mtu anayeonja mboga ya jirani kwa adabu.
Nimepanda mrenda, mitoo, saga na kunde;
mistari haikunyooka
kwa kuwa shamba lenyewe limeegemea kilima.
Vitunguu vimeota ndani ya sufuria iliyotoboka.
Kando ya choo kuna dalia nyekundu,
mche wake uliombwa kanisani.
Ua la kununua halishiki, asema Kageha,
nami sina ushahidi wa kumpinga.

Jioni ndiyo yangu.
Maganda ya mgomba nayachemsha na majivu
katika debe, nyuma ya jiko, kuni mbichi zikifoka.
Natwanga kwa kinu cha marehemu mama
(angeniona, angeuliza ni chakula cha nani).
Namwaga rojo juu ya kipande cha chandarua
nilichokipigilia kwenye fremu ya dirisha.
Maji yanachuruzika.
Yanachuruzika.
Sina msimamizi.

Inatoka nene, rangi ya uji wa wimbi,
nyuzi zimetokeza kama mishipa ya mkono wangu.
Kiwandani ingeitwa uchafu, irudishwe pipani.
Hapa Kageha anaweka chini sindano ya kufumia
na kitambaa cha kochi, waridi la saba
la seti isiyoisha mwaka wa nne huu,
maana kila msichana akiolewa anapewa kilichopo.
Anaiinua karatasi kwenye mwanga wa taa.
"Kuna mguu wa panzi humu."
Ananyamaza kidogo.
"Usiutoe."

Tunakunja bahasha za mbegu.
Mimi naandika, yeye anachora:
Mrenda, mvua ndefu.
Saga chungu, ya kwa Mama Vugutsa.
Boga la mlango wa nyuma, baba hajulikani.
Boga analichora na mashavu ya shemeji Adagala,
tunacheka hadi kuku wanalalamika.

Juzi alikuja Mudanya, kijana wa ng'ambo ya kijito,
anataka mbegu, auliza bei.
Nikaanza kuhesabu: kuni, majivu, siku mbili za mgongo.
Kageha akanikata kauli:
"Chukua kiganja. Ukivuna, urudishe viwili."
Kijana akaigeuza bahasha, akainusa.
"Mzee, hii umeitoa Kisumu?"
Sikumjibu upesi.
Nilitaka swali likae kidogo barazani.

Saa tisa mvua inakuja, kama ilivyo ada,
nasi tunakimbilia kamba:
soksi, karatasi, soksi, karatasi,
sidiria, karatasi.

Barua ile?
Imo kwenye debe tangu Jumanne,
nimeiloweka pamoja na maganda.
Karatasi nzuri ile, inakataa kulainika.
Nimeikoroga tena leo asubuhi.
Jina langu bado linasomeka.