Kidole cha Raimo
Saa moja ya somo, mteja auliza,
hutengenezwa kwa saa ngapi?
Tuulikki, ofisini bandarini Turku,
akaandika sitini. Akafuta. Tisini.
Dirishani theluji haina haraka wala bei.

Hakuandika siku tatu za kumsubiri Raimo,
fundi wa winchi ajuaye kebo inavyolia
kabla haijakatika,
na asiyeweza kulieleza hilo
ila kwa kunyamaza, kidole juu.
Hakumwandika mhasibu
atakayeirudisha picha ya nne
kisa rangi ya helmeti.

Jumla: euro elfu nane na mia mbili.

Punguza, akaambiwa.
Akafuta mapitio ya pili,
Jumamosi yake akaitoa bure.

Kidole kile
hakukigusa.