Kifungu cha Kumi na Saba

Walinipa faili Jumapili asubuhi
na kalamu ya wino mwekundu, na kahawa,
kana kwamba nimealikwa.
"Zamzam, tunataka asilimia nane. Zitafute popote."
Ofisi yetu iko ghorofa ya pili, hapa Ibra.
Kiyoyozi kinakoroma kama mzee aliyeshiba.

Kifungu cha kumi na saba kilikuwa mstari mmoja:
shughuli za alasiri, darasa la kwanza hadi la nne.
Hakina picha, hakina jina la mtu.
Ni aina ya kifungu kinachokatika bila kutoa sauti.
Nikakitia duara.
Kisha, sijui kwa nini, nikachukua ufunguo wa gari.

Saa nane na nusu mchana. Lami inanata.
Mabasi yamekwishaondoka, geti limeegeshwa,
na katika shule nzima ni chumba kimoja tu chenye sauti.
Mlangoni viatu vidogo, pea ishirini na tatu
(nilivihesabu, ndiyo kazi yangu)
na kimoja kisicho na mwenzake.

Ndani Bi Ghaniya anagawa tende na mtindi
kwa watoto ambao mama zao wako zamu,
baba zao wako jangwani kwenye mafuta,
wiki mbili kule, wiki mbili huku.
Pembeni kijana anapigana na herufi ya dhadi.
Jina lake Yaarub. Ulimi umemtoka nje kwa bidii,
na dhadi haimhurumii.

Nikamuuliza: nyumbani nani anakusaidia?
Akanitazama usoni, akachagua Kiswahili.
"Bibi. Lakini bibi anajua kuhesabu kwa pishi tu."

Nilicheka. Halafu nikaacha.
Maana na mimi nililelewa na bibi wa pishi,
mwaka ule tuliporudi, na kila mtu akituambia karibuni nyumbani
kwa lugha tusiyoisoma.
Nilikaa kizingitini na daftari magotini
nikingoja yeyote ajuaye herufi apite.
Akapita mtoto wa jirani. Akadai baisa hamsini kwa ukurasa.
Nikalipa.
Hiyo ndiyo bajeti ya kwanza ya elimu niliyoisimamia.

Udongo uwahi uli maji, bibi alikuwa akisema.
Hakusema maji yanalipiwa na nani.

Njiani kurudi nilikizunguka kiplefti mara mbili.
Boza lilikuwa linanywesha petunia,
zambarau, nyeupe, zambarau,
maua ya miezi minne; joto likija yanaungua,
tunang'oa, tunanunua mengine.
Hicho ni kifungu cha tisa. Nakijua kama jina langu.
Sisemi maua ni dhambi, macho nayo yanakula.
Ila ua halijawahi kukaa kizingitini
likingoja kusomewa.

Nilirudi ofisini nikapaka wino mweupe juu ya duara.
Halikufutika vizuri, limebaki kama kovu la chanjo.
Pembeni nikaandika: Nimekwenda. Nimehesabu viatu.
Asilimia nane zipo, zinamwagiliwa kila asubuhi.

Mkuu wangu alisoma akiwa amesimama.
Akavua miwani, akaivaa tena.
"Hii si lugha ya hesabu, Zamzam."
Nikasema najua.
"Maua yana mkataba."
Nikasema hilo nalo najua.

Leo Alhamisi, faili linapanda mkoani.
Nilipokuwa nikipanga kurasa ndipo nikaona:
nyuma ya ukurasa wa kumi na saba, bila ruhusa yangu,
Yaarub ameandika dhadi.
Tumbo lake limelegea, nukta imekimbilia pembeni,
na chini yake amejaribu tena, na tena,
na ile ya nne
inakaribia.

Kanuni inataka ukurasa safi.
Sikuchapisha mwingine.