Chupa ya Juni

Jua lilituaga tarehe tano Oktoba, saa nane na dakika tatu.
Lilipita ukingo wa mlima kama mgeni
aliyesahau kofia yake na hakurudi kuichukua.
Mpaka Machi. Hapa Skuggedal
hatuhesabu miezi; twahesabu kuni.

Gudveig, chupa yako ingali kwenye rafu, nyuma ya chumvi,
na mwandiko wako umeegemea kushoto vilevile:
"Juni 24. Kando ya reli. Kijiko kimoja, si viwili."
Hata kaburini hukomi kunipimia.

Nakuona umechuchumaa kwenye kokoto za reli ya zamani,
umeinua jani dogo mbele ya jua:
"Tazama, Eilert, limejaa madirisha."
Vitundu vya ncha ya sindano, nuru ikipenya kila kimoja.
Kisha ukaminya ua la manjano,
vidole vikatoka vyekundu,
ukanipaka puani, ukacheka hadi mbwa akabweka.

Miaka kumi na minane nimeinywa chai ile,
chungu, yenye ladha ya nyasi kavu na kutu,
kila giza liliponikalia kifuani kama paka wa jirani.
Sikujua kilichonituliza ni ua
au ni sauti yako toka jikoni: "Njoo, imeiva."

Jana nilimpelekea mfamasia, yule binti wa Haldis,
karatasi yangu ya hospitali.
Akauliza natumia nini kingine.
Nikasema: maua.
Akavua miwani. "Maua hayo na vidonge vya kuzuia damu kuganda
havilali kitanda kimoja, mzee."
Njiani nikacheka peke yangu:
dawa ya moyo imeikataza dawa ya moyo.

Chovyachovya, kumbe, haikulimaliza buyu.
Limefungwa likiwa nusu.

Usiku huu nimefungua kifuniko tu.
Maji sikuchemsha.
Nimetoa jani moja, kavu kama karatasi ya sigara,
nikaliinua mbele ya balbu.
Madirisha yangali wazi, Gudveig.
Hukufunga hata moja.

Kesho nitampigia daktari,
nimtajie kwa jina lake
kitu nilichokiita uchovu miaka yote hii.
Mbegu zilizobaki chini ya chupa
nitazimwaga relini, theluji ikiyeyuka.

Kuni ni safu nne.