Safu ya Maoni

Daftari la maji lina safu tano:
tarehe, saa, kina, mvua, maoni.
Miaka tisa safu ya tano niliiacha nyeupe.
Maji yana maoni gani? Yanapanda, yanashuka.

Kisha, Novemba, furukombe wawili
wakaanza kubeba vijiti juu ya mkalitusi ng'ambo ya tuta.
Si vijiti tu: mafunjo mabichi, pindo la chandarua,
na siku moja, naapa, hanga ya waya ya kuanikia shati.
Niliandika "Wanajenga".
Kwa penseli, nisije nikaulizwa.

Saa kumi na mbili asubuhi, baridi ya Lang'ata kidevuni,
nasoma kipimo kwanza, maana ndicho kinacholipa kodi,
halafu nawageukia.
Ndege za Wilson zinapita juu, za bati na mafuta;
ndege aliyelalia mayai hageuzi hata shingo.
Zamu ikifika jike huinuka, hujinyoosha,
na dume huingia taratibu, kucha amezikunja ngumi
asije akaitoboa kesho yake.

Januari ishirini na tatu:
"Wawili. Kijivu. Wa pili kaanguliwa leo."
Siku tatu kati yao, na siku tatu ni nyingi.
Mkubwa alimdonoa mdogo utosini
mpaka utosi ukawa mwekundu.
Mama aliangalia, kisha akaangalia kwingine.
Nilipiga kelele, mtu mzima mimi,
Wafubwa wa langoni akatoka mbio na tochi
akidhani kuna mwizi wa nyaya.

Mimi ni kitinda mimba wa nyumba ya sahani moja.
Najua mkono unavyojifunza kuwa mfupi.

Februari bwawa likashuka.
Tatu nukta moja. Mbili nukta nane. Mbili nukta mbili.
Kila namba niliyoandika ilikuwa bomba linalokohoa mahali fulani,
mtungi uliopanda bei Kibera,
na Jumapili dada yangu Kwamboka kwenye simu:
"Wewe si ndiye mwenye maji?"
kana kwamba nimeyafunga kwenye leso.

Lakini maji yakipungua, samaki hana pa kujificha.
Kambale walirundikana kwenye kina cha goti, migongo nje,
na furukombe hawakuhitaji hata kulenga.
Watatu kwa siku. Wanne.
Mkubwa alikula mpaka koo likamvimba,
akalala kifudifudi kama mlevi wa mwisho wa mwezi,
ndipo mama, bila haraka,
akamgeukia yule wa utosi mwekundu
akamchania nyama, ndogo ndogo, ndogo ndogo.

Mbili nukta sifuri.
Sijawahi kuandika namba mbaya kama ile,
wala kuiandika huku nikitabasamu.
Nilikwenda nayo nyumbani hivyo hivyo.
Kwamboka sikumwambia.

Bwana Nzioka wa makao makuu alikuja kukagua.
Kidole chake kilishuka polepole kwenye safu ya tano:
"Kambale. Kambale. Mdogo kala."
"Hii ni nini?"
Nikamjibu: maoni.
Akasimama juu ya tuta, mikono kiunoni,
muda mrefu kuliko ukaguzi unavyohitaji.
Ukurasa ule hakuutia sahihi. Hakuuchana pia.

Mvua ilikuja mwisho wa Machi, usiku, bila kubisha.
Maji rangi ya chai ya maziwa,
na kambale wakarudi kuwa siri.
Mkubwa alikuwa ameshaondoka.
Aprili tano mdogo alisimama ukingoni mwa tundu,
kahawia mtupu, weupe wa kichwa bado miaka,
akafungua mabawa, akasahau la pili la kufanya,
akaanguka bwawani.

Nilifika hadi magotini bila kujua nimevua viatu saa ngapi.
Hakunihitaji. Alipiga maji kwa mabawa kama makasia,
akafika kwenye matope, akapanda, akajikung'uta,
akanitazama kwa hasira ya mtu aliyechunguliwa akioga.

Tatu nukta nne. Saa moja kasoro dakika kumi; nimechelewa.
Safu ya tano, safari hii kwa wino:
"Amelowa."