Mkalimani

Saa nane usiku bando ni rahisi.
Ndipo nikaipakua: megabaiti mia mbili na kumi na mbili,
chanzo kitupu, si programu,
kama mtu aliyeagiza kiti
akaletewa gogo na randa.

Kompyuta ni ile kuukuu ya zahanati, herufi R imeng'oka;
kila penye R natumia njiti ya kiberiti.
Nikafungua maelekezo. Mistari minne tu.
Aliyeyaandika hajawahi kukaa Arua.

Je, unayo hii? ikauliza.
Sina.
Nikaitafuta, nikaileta, nayo ikaja na ndugu zake,
na ndugu wakaja na wakwe,
kila mmoja anataka toleo lake, si la mwaka jana, si la mwaka huu,
hadi nikamkumbuka baba na mshahara wake wa ualimu:
tarehe mbili umekwisha, mlangoni bado wamo watu.

Kisha: kichwa hakikupatikana.
Nikacheka peke yangu. Hata changu.

Alfajiri mama akatoka chumbani.
Candiru, mkalimani wa zahanati:
daktari anatoka Mbarara, mgonjwa anatoka Yei,
na kati yao mama, kwenye kipande cha benchi.
Tumbo linauma wapi, anauliza kwa Kikakwa,
na jibu linarudi kwa Kiingereza cha darasa la saba,
halijapungua kitu njiani.

Akataka kujua nakesha na nini.
Nikamwambia: madirisha yameandikwa kwa lugha moja, ngumu, ya zamani;
mimi naandika kwa nyingine.
Hiki ninachokijenga kinakaa katikati.
Akakaza kitenge.
"Basi kipe kiti," akasema.
"Anayekaa katikati huumwa mgongo."

Asilimia kumi na saba. Feni inavuma.
Maonyo ya njano yanapita mbio, siyasomi.
Asilimia sitini na moja,
umeme ukaenda zake.

Nikaibeba mashine kifuani kama mtoto mwenye homa
hadi kwa Ayikoru, kwenye sola ya kuchajia simu.
Akanipenyeza kati ya simu kumi na nane,
akanitoza bei ya simu tatu.
Kibarazani kijana wa rolexi alipasua yai
kila nilipopiga ukelele.
Sitini na mbili. Sabini. Kosa:
nukta mkato moja imesahauliwa
katika faili ya mistari elfu tatu, wala si yangu.
Nikaitia, kama mgeni anayeokota kijiwe
kwenye mchele wa wenyewe
bila kusema neno.

Mia.

Sakinisha. Ikadai neno la siri,
ambalo hata mimi mwenyewe silioni ninapoliandika.

Nikatunga mistari sita: dirisha, na kitufe kimoja
kitakachosema asante kwa Kilugbara,
Awa'di'fo.
Ikagoma.
Ile alama ndogo, ile pumzi tunayoikata kooni,
mashine ilidhani nimemaliza kusema.
Neno likabaki nusu,
nusu nyingine ikaitwa takataka.
Nikaweka mkwaju mbele ya kila pumzi,
maana yake: subiri,
bado naongea.

Likafunguka.
La kijivu, dogo, limebana O ya mwisho ukutani.
Nyuma yake hakuna ua, hakuna jirani, hakuna mvua.
Mama alikuwa anapita kurudi nyumbani; nikamwita.
Akafuta kidole kwenye kitenge, akabonyeza.
Kitufe kikazama, kikapanda.

"Ni hicho tu?"

Ni hicho tu.

Akabonyeza tena.