Shimo Kwenye Fungu la Mchanga

Saa kumi na moja alfajiri tuliondoka Ipagala,
watu tisa ndani ya Noah ya shemeji Ndahani,
sufuria mbili, mkeka, tikiti maji kubwa kama kichwa cha ndama,
na shangazi Sechelela, miaka sabini na miwili,
aliyekubali kuja kwa sharti moja:
asiambiwe aogelee.

Mlowa. Fufu. Chipogoro.
Madaraja yote tuliyovuka hayakuwa na kitu chini
ila mchanga mweupe, kwato za ng'ombe,
na pengine wanawake wawili wameinamia shimo.
"Mto huo," alisema shangazi, akiuonyesha kwa kidevu.
Watoto wakabandika pua kwenye kioo.
"Uko wapi?"

Mtera maji yapo. Yapo mpaka yanaumiza macho.
Kikoti mwenye boti alitupokea suruali imekunjwa gotini:
elfu arobaini, kwenda na kurudi,
jaketi ni nne, wavae watoto,
wakubwa mtashikana wenyewe.
Yamaha ikakohoa mara tatu, ikakubali.
Tukapita katikati ya miti iliyokufa wima,
juu yake mnandi wameanika mbawa kama nguo za jirani.
Kikoti alikata kushoto, akakata kulia,
mahali ambapo mimi niliona maji matupu.
"Visiki vyangu hivi. Hicho hapo kilinila propela."

Pale Kizigo unapoingia, fungu la mchanga limeinua mgongo,
refu kama kiwanja cha mpira, jembamba kama goli.
"Masika hamlikuti," alisema, "ni la msimu, kama nyanya."
Akayapiga maji kwa kasia, akatazama, akapiga tena.
"Mwisho magotini. Ukipita hapo sikujui."

Basi tukafanya tulichokuja kufanya,
yaani hakuna.
Shemeji alilala chali, uso chini ya jalada la ofisini.
Simu zilitafuta mtandao, zikachoka kabla yetu.
Yaledi na wenzake walijenga mji wa serikali kwa mchanga mbichi,
ukabomoka upande wa wizara, wakacheka, wakahamia pengine.
Perege waliingia kwenye mafuta wakilalamika.
Jua lilikuwa limekaa tu, nalo halina haraka.

Ndipo nikamwona shangazi, hatua sita kutoka majini,
amepiga magoti, anachimba kwa bakuli la ugali.

"Shangazi, maji si hayo hapo?"
"Hayo ni ya kutazama."

Maji ya kwanza, tope: akamwaga.
Ya pili akamwaga.
Ya tatu akayasubiri, mikono mapajani,
akanisimulia bila kunitazama
juu ya zamu ya saa nane za usiku, kule Mvumi,
na dada yake Nyawuwe aliyejua kulala akiwa amekaa,
kidole kimoja ndani ya shimo,
kikilowa, anaamka.

Shimo likatulia. Likawa jicho.
"Malenga," alisema,
Kigogo chake cha kwanza tangu asubuhi.
Shuleni nilifundishwa malenga ni bingwa wa mashairi;
nyumbani ni maji.
Sikuwa nimewahi kuyameza yote mawili kwa mkupuo mmoja.
Yalikuwa baridi, yana ladha ya jiwe.
Watoto walipanga foleni, hata Kikoti,
mtu aliyezaliwa na ziwa mlangoni,
alikunywa, akafuta mdomo,
akaliangalia ziwa lake kama mtu aliyedanganywa bei.

Saa kumi upepo ukaamka. "Huu hauna adabu, twendeni."
Shangazi akazunguka akitafuta tawi la miiba,
mbuzi wasije wakalichafua shimo.
Fungu zima halina mti. Halina mbuzi.
Akachukua nusu ya ganda la tikiti,
akalifunika.

Kutoka botini nililiona lile doa la kijani
mpaka miti iliyokufa ilipolificha.
"Bibi, atakunywa nani sasa?" aliuliza Yaledi.
Shangazi alikuwa anakung'uta mchanga kwenye khanga,
pindo la kwanza, pindo la pili,
akarudia la kwanza.